MASHINE KUUKUU HUSEMA KWELI: Jinsi ya Kutambua na Kukadiria Umri wa Mashine na Vifaa vya Useremala Vilivyotumika

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo, mimi nimewaona watu wenye macho mawili mazima wakiitazama mashine ya mbao kutoka juu hadi chini, kushoto na kulia, na wasione kitu ila rangi. Makala haya ni ya watu hao. Ni yangu pia, kwa sababu hata mimi nilikuwa mmoja wao.

Mjomba wangu ni seremala. Siku moja alinunua mashine ya randa, ile ambayo mafundi wengi huiita plena, kutoka kwa mfanyabiashara wa mashine zilizotumika. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, inang'aa kama jani la mgomba baada ya mvua. Muuzaji akamwambia, "Hii ni ya juzi juzi tu, fundi. Ni ya 1995. Tazama hata mota yake." Mjomba akaitazama mota, na kweli mota ilikuwa ya miaka hiyo. Akatoa pesa zake, akaita mkokoteni.

Mwezi wa tatu haukuisha. Kipande kifupi cha mvule kiliruka, na mkono wa kushoto ukafuata pale kilipokuwa. Mjomba alipoteza ncha za vidole viwili. Nilipokwenda kumjulia hali aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mpwa wangu, nilinunua mota nikidhani nimenunua mashine."

Basi tangu siku hiyo nimejifunza kuzisoma mashine kuukuu. Nimesaidiwa na mwalimu wetu wa useremala, vitabu vya karakana, na zaidi ya yote mafundi wazee. Leo nataka tusome pamoja.

1. KUTAMBUA NI NINI, NA KUKADIRIA UMRI NI NINI?

Haya ni mambo mawili. Kutambua ni kujibu swali hili: Kifaa hiki ni aina gani, na nani alikitengeneza? Kukadiria umri ni kujibu jingine: Ni cha lini? Mtu anaweza kujibu la kwanza barabara akakosea kabisa la pili.

Kuna faida tatu za kujua majibu haya. Ya kwanza ni bei. Asiyejua umri wa kitu hulipa bei ya mwenye kitu. Ya pili ni vipuri. Huwezi kutafuta kipuri cha mashine usiyoijua jina. Ya tatu, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, ni usalama. Mashine za zamani sana ziliundwa kabla watu hawajajifunza, kwa damu yao wenyewe, mahali pa kuweka kinga.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kuukuu ni kubaya. La hasha! Mashine ya zamani ya chuma cha kusubu huwa nzito, haitetemeki ovyo, na ikitunzwa huweza kumzika aliyeinunua na bado ikamfanyia kazi mjukuu wake. Nasema tu kwamba tuijue kabla ya kuilipia.

Kanuni kuu ya somo letu ni hii: kila alama hukupa mpaka, haikupi siku ya kuzaliwa. Alama moja itakuambia, "Sikuzaliwa kabla ya mwaka fulani." Nyingine itakuambia, "Sikuzaliwa baada ya mwaka fulani." Umri wa kweli uko katikati. Na kama ilivyo kortini, shahidi mmoja hatoshi.

2. TUANZE NA RANDA YA MKONO

Chukua randa ya chuma ya Stanley. Ni kifaa kinachopatikana karibu kila karakana ya zamani, na kina alama nyingi, kwa hiyo ni mwalimu mzuri.

Kampuni ya Stanley ilikuwa na makao katika mji wa New Britain, jimbo la Connecticut, Marekani. Mwaka wa 1869 ilinunua haki za randa za mvumbuzi aitwaye Leonard Bailey. Ndiyo maana hadi leo utaona jina BAILEY mbele ya randa nyingi, ingawa Bailey mwenyewe aliiaga dunia zamani. Nambari kama 4 au 5 iliyo kwenye mwili wa randa ni ukubwa. Namba 4 ni ile fupi ya kulainishia, na namba 5 ni ndefu kidogo, ya kazi ya kwanza kwanza. Nambari hii si mwaka!

Katika karakana ya shule yetu tuna randa moja ya namna hiyo. Tulipoondoa kisu tukakuta nyuma ya kile kipande kinachokikalia kisu, ambacho mafundi wa Uingereza hukiita "chura", pamesubiwa maneno APR-19-10. Darasa zima likapiga kelele: "Ni ya 1910!" Mwalimu akatabasamu tu. Akasema, "Soma tena."

Maandishi hayo yana maana ya tarehe 19 Aprili 1910, nayo ni tarehe ya hataza. Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi ili wengine wasiige uvumbuzi wake kwa muda fulani. Kampuni iliendelea kusubu tarehe hiyo ndani ya randa zake kwa miaka mingi, hadi miaka ya 1920 ikafika ukingoni. Kwa hiyo tarehe ya hataza husema neno moja tu: si kabla ya. Randa yetu haikuzaliwa kabla ya 1910. Lakini ilizaliwa lini?

Tukatafuta mashahidi wengine. Kifundo cha mbele, kile unachokishika kwa mkono wa kushoto, kilikuwa kirefu. Randa za Stanley za miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini zilikuwa na kifundo kifupi, kilichobonyea. Kirefu kilianza karibu 1919 au 1920. Kwenye kisu tukaona umbo la moyo lenye herufi S.W. ndani yake. Alama hiyo ilitumiwa baada ya Stanley mbili, ile ya vipimo na randa na ile kubwa ya vyuma, kuungana mwaka wa 1920, na ikaendelea hadi katikati ya miaka ya 1930. Moyo huo ulikuwa wa kumkumbuka William Hart, aliyekuwa mkuu wa kampuni, kwa kuwa jina lake kwa Kiingereza lafanana kwa sauti na neno moyo. Haya basi, wapenzi wa lugha, kumbe hata vyuma hucheza na maneno!

Shahidi wa tatu alikuwa tundu la kibanio, yaani kile kifuniko kinachokibana kisu kwa skrubu. Tundu letu lilikuwa na umbo la tundu la ufunguo. Kuanzia 1933 Stanley walibadilisha tundu hilo likawa na umbo la figo. Kwa hiyo kifundo na moyo vinasema, "Si kabla ya 1920 hivi," na tundu linasema, "Si baada ya 1933 hivi." Hukumu yetu: randa ya miaka ya 1920 au mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hatukuutaja mwaka mmoja, na hiyo si aibu. Anayetaja mwaka mmoja bila ushahidi ndiye mwenye aibu.

Mambo mengine ya kukumbuka kuhusu randa:

(a) Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, shaba ilihitajiwa jeshini. Randa za Stanley za Marekani za miaka ya 1942 hadi 1945 mara nyingi zina gurudumu la kurekebishia kisu lililotengenezwa kwa mpira mgumu au chuma badala ya shaba ya manjano.

(b) Ukiona Stanley yenye maneno MADE IN ENGLAND, usiipeleke nyuma ya mwisho wa miaka ya 1930. Hapo ndipo Stanley walipoanza kutengeneza randa mjini Sheffield, Uingereza.

(c) Randa za rangi ya buluu zenye jina RECORD zilitoka Sheffield pia, kwa kampuni ya C. & J. Hampton, kuanzia 1931. Nambari zake hutanguliwa na sufuri: 04, 05, 06. Record 04 na Stanley 4 ni saizi moja.

(d) Kisu, kibanio na mpini hubadilishwa. Fundi akivunja mpini hatupi randa, huitia mpini mwingine. Kwa hiyo mwili uliosubiwa ndio shahidi mkuu, na vinavyofunguliwa kwa bisibisi ni mashahidi wadogo.

3. KIBATI CHA MASHINE

Sasa tupande ngazi, twende kwenye mashine zenyewe: msumeno wa duara, msumeno wa mkanda, kerezo, na mashine ya randa. Mashine nyingi zina kibati, yaani kipande kidogo cha shaba, bati au alumini kilichopigiliwa ubavuni. Chukua kitambaa na mafuta ya taa kidogo, ukisugue polepole. Usikwangue kwa kisu wala msasa, utafuta ushahidi.

Jina la mtengenezaji. Majina hubadilika kampuni zinaponunuliwa, na mabadiliko hayo yana miaka. Kwa mfano, Delta ilianzishwa mjini Milwaukee, Marekani, mwaka wa 1919, kisha ikanunuliwa na Rockwell mwaka wa 1945. Kwa hiyo mashine yenye jina Rockwell pamoja na Delta haiwezi kuwa ya kabla ya vita kuisha. Kwa upande wa Uingereza, jina kubwa ni Wadkin wa mjini Leicester, kampuni iliyoanza mwaka wa 1897. Herufi zilizo kwenye kibati cha Wadkin ni aina ya mashine. Mathalani, AGS ni msumeno wa duara ambao bamba lake huweza kulazwa, na nambari 10 au 12 inayofuata ni kipimo cha bamba kwa inchi.

Tamati ya jina la kampuni. Huko Uingereza herufi plc zilianzishwa na sheria ya 1980. Kibati chenye plc ni cha baada ya hapo.

Anwani. Wengi hawaitazami, nayo ni shahidi mwaminifu sana. Misimbo ya posta ya Uingereza, ile michanganyiko ya herufi na tarakimu, ilianza kwa majaribio mjini Norwich mwaka wa 1959 ikaenea nchi nzima kufikia 1974. Marekani walianza msimbo wao wa tarakimu tano mwaka wa 1963. Kibati chenye msimbo hakiwezi kutangulia miaka hiyo. Lakini angalia: kukosekana kwa msimbo hakuthibitishi chochote peke yake, kwa sababu kampuni nyingine zilichelewa kuuandika.

Jina la nchi. Ukiona Western Germany au West Germany, mashine hiyo ni ya kati ya 1949 na 1990, maana nchi ya Ujerumani Magharibi iliishi miaka hiyo tu. Czechoslovakia ilikoma mwisho wa 1992. Hapa mwanafunzi wa Historia ana nafasi ya kumshinda fundi!

Nambari ya hataza. Marekani huhesabu hataza zake kwa mfululizo, kwa hiyo nambari kubwa ni changa kuliko nambari ndogo. Shika vigingi hivi kichwani:

Hataza 1,000,000 ilitolewa 1911.
Hataza 2,000,000 ilitolewa 1935.
Hataza 3,000,000 ilitolewa 1961.
Hataza 4,000,000 ilitolewa 1976.
Hataza 5,000,000 ilitolewa 1991.

Mashine ikiwa na hataza 2,300,000 na kitu, basi uvumbuzi huo ni wa baada ya 1935 na kabla ya 1961, na mashine yenyewe haikutangulia 1935. Kukiwa na hataza nyingi, fuata ile kubwa kuliko zote.

Alama ya CE. Herufi hizi mbili zilikuwa lazima kwa mashine mpya zilizouzwa katika Jumuiya ya Ulaya kuanzia mwanzo wa 1995. Herufi UKCA ni za Uingereza, nazo zilianza 2021.

Umeme. Hapa kibati hukuambia ilikotoka mashine hata kama jina la nchi limefutika. Umeme wa Kenya ni volti 240 kwa fezi moja na 415 kwa fezi tatu, wenye mapigo 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Uingereza pia ni hezi 50. Marekani ni hezi 60. Mota ya Kimarekani ya kawaida huandikwa mizunguko 1,725 au 3,450 kwa dakika, ilhali ndugu yake wa Uingereza huandikwa 1,425 au 2,850 hivi. Mota ya hezi 60 ikitiwa kwenye umeme wetu, mwendo wake hupungua kwa sehemu moja ya sita, na huweza kupata joto ikaungua. Na ile ya volti 115 ukiichomeka moja kwa moja kwenye 240, utanusa moshi kabla hujawasha taa ya karakana. Kwa hiyo kibati cha mota usikisome kwa ajili ya umri tu. Kisome kwa ajili ya mfuko wako.

4. MWILI WA MASHINE

Je, kibati kikiwa kimeng'oka? Usikate tamaa. Mwili unaongea.

Mikanda. Mashine za zamani kabisa hazikuwa na mota zao. Karakana nzima ilikuwa na mtaimbo mmoja mrefu darini, uliozungushwa na mvuke, maji au injini, na kila mashine ikavuta nguvu kutoka huko kwa mkanda bapa wa ngozi. Puli zake ni pana na laini, kama ngoma. Mikanda yenye umbo la V ilienea baada ya miaka ya 1920. Ukiona puli pana laini, au mahali palipokatwa ili kuiondoa, umekutana na mzee.

Beringi. Katika mashine za zamani, mtaimbo ulizunguka ndani ya madini laini ya bati yaliyoyeyushwa na kumiminwa mahali pake, na juu yake pana tundu au kikombe cha kutilia mafuta. Baadaye zikaja beringi za gololi. Za gololi zina faida moja kubwa kwa mnunuzi: zimeandikwa nambari, na nambari hizo ni zile zile dunia nzima. Chukua tarakimu mbili za mwisho, zidisha kwa tano. Beringi 6204 ina tundu la milimita 20, na 6205 ina tundu la milimita 25. (Kanuni hii hufanya kazi kuanzia 04 kwenda juu.) Dukani utaipata. Yale madini ya kumiminwa yakilika, unahitaji fundi anayejua kuyayeyusha, na hao siku hizi ni wachache kama maziwa ya kuku.

Nati na bolti. Beba spana. Waingereza walitumia vipimo vya Whitworth, vilivyoanza mwaka wa 1841, na baadaye vipimo vingine vya inchi, kabla ya viwanda vyao kuanza kuhamia milimita mwaka wa 1965. Spana ya milimita ikikaa sawasawa kwenye nati zote za mashine ya Kiingereza, huenda mashine hiyo ni ya baada ya hapo. Lakini wajerumani na waitaliano walitumia milimita tangu zamani, kwa hiyo jua kwanza nchi. Tena jihadhari: nusu inchi ni milimita 12.7, na spana ya 13 huidanganya nati hiyo ikadhani ni yake. Jaribu nati kadhaa.

5. MAMBO YANAYODANGANYA

Rangi. Rangi hupakwa Jumatatu ikauzwa Jumanne. Haina umri. Tazama chini ya meza na ndani ya mlango, mahali brashi haikufika, utaiona rangi ya asili.

Mota. Mota huungua, ikatiwa nyingine. Umri wa mota ni umri wa mota.

Nambari zilizosubiwa. Kila kipande cha chuma cha kusubu huweza kuwa na nambari ya kalibu yake. Ukiona 1948 kwenye mguu wa mashine, huenda ni nambari ya mguu tu. Ikirudi na jina la mwezi, hapo sikiliza.

Kibati chenyewe. Kibati cha asili kwa kawaida hushikwa na misumari midogo ya kupigiliwa. Ukikuta skrubu mpya zinazong'aa, au matundu manne ya zamani kando ya kibati, jiulize kibati hicho kilikuwa wapi jana.

6. TURUDI KWA MASHINE YA MJOMBA

Likizo iliyofuata nilikwenda na daftari langu. Mjomba alikuwa ameifunika kwa gunia, hataki hata kuiona. Tukalifunua.

Mota: hezi 50, nguvu kwa kilowati, alama ya CE. Muuzaji hakudanganya, mota ilikuwa ya miaka ya 1990. Kisha tukaenda kwenye mwili. Kibati hakikuwapo, matundu tu. Anwani iliyosubiwa mguuni ilikuwa na jina la mji wa Kiingereza bila msimbo. Spana zetu za milimita zilicheza kwenye kila nati. Puli ya V ilikuwa imechomelewa juu ya puli pana ya zamani. Beringi zilikuwa za madini ya kumiminwa. Chini ya meza, rangi ilikuwa nyeusi.

Halafu tukageuza kichwa cha visu kwa mkono, umeme ukiwa umekatwa. Hapo mjomba alinyamaza. Kichwa kilikuwa cha pembe nne.

Wasomaji, kaeni hapa kidogo. Kichwa cha visu ni ile rola ya chuma inayobeba visu na kuzunguka katikati ya meza mbili. Ikiwa ni ya duara, nafasi kati yake na midomo ya meza ni ndogo, kwa hiyo mkono ukiteleza hukatwa juu juu. Ikiwa ni ya pembe nne, kila inapozunguka hufungua pengo kubwa, na mkono ukianguka huvutwa ndani ya pengo kabla kisu kinachofuata hakijafika. Mashine hiyo hiyo, mbao hiyo hiyo, ajali mbili tofauti. Ndiyo maana Uingereza, katika kanuni zao za mashine za mbao za 1922, walitaka mashine ya kurandia kwa mkono iwe na kichwa cha duara. Kenya nayo ilipata kanuni zake za mashine za mbao mwaka wa 1959, na leo tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007.

Basi mashahidi wote wakakubaliana: mwili wa mashine ile ulikuwa mzee kuliko kanuni iliyowekwa ili kuulinda mkono wa mjomba. Mota ya 1995 ilikuwa imevishwa mifupa iliyozaliwa kabla ya babu yangu. Tulichukua dakika ishirini kuyajua hayo. Dakika ishirini! Mjomba akatazama vidole vyake, akasema, "Na mimi siku ile nilikuwa na haraka ya kumlipa mwenye mkokoteni."

Hakuiuza kwa mtu mwingine, ingawa wanunuzi walikuja. Aliivunja, akauza chuma kwa kilo na kubaki na mota. Mota hiyo sasa inazungusha kerezo lake, na linakereza miguu ya viti vizuri sana.

7. HATUA ZA MNUNUZI

(i) Kata umeme, kisha geuza kila kinachozunguka kwa mkono.
(ii) Ukinunua mashine ya randa, tazama kichwa cha visu kabla ya kuuliza bei. Kikiwa cha pembe nne, nenda zako.
(iii) Soma kibati cha mashine na kibati cha mota mbali mbali. Viandike vyote.
(iv) Tafuta angalau mashahidi watatu wasiotegemeana.
(v) Andika mipaka: si kabla ya lini, si baada ya lini.
(vi) Uliza beringi, mkanda na visu vyake vinapatikana wapi.
(vii) Ukiharakishwa, ondoka. Haraka haraka haina baraka.

MSAMIATI

Hataza: haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake.
Kusubu: kuyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu ili yapate umbo.
Kalibu: chombo chenye umbo ambamo madini humiminwa.
Kerezo: mashine ya kuviringia mbao, kama miguu ya viti.
Kipuri: kifaa cha kubadilishia kilichoharibika.
Mtaimbo: hapa, fito nene ya chuma inayozunguka na kubeba puli.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Randa ina tarehe ya hataza ya 1910, tundu la kibanio lenye umbo la figo na maneno MADE IN ENGLAND. Rafiki yako anasema ni ya 1910. Msahihishe.
2. Msumeno una hataza nambari 3,100,000 na maneno West Germany. Taja mipaka yake miwili.
3. Beringi iliyoandikwa 6206 ina tundu la milimita ngapi?
4. Kwa nini umri wa mota si umri wa mashine? Eleza kwa sentensi mbili zisizo na neno la Kiingereza.

Ndugu wasomaji, usione vyaelea, vimeundwa. Kila mashine iliundwa na mtu, mahali fulani, mwaka fulani, na mtu huyo aliacha alama za mkono wake. Ukizisoma, utajua thamani ya kazi yake. Usipozisoma, huenda nawe ukaacha alama ya mkono wako kwenye mashine, na alama hiyo haifutiki. Kwaherini hadi mwaka ujao, Mungu akipenda.